Ituri: Msitu Wenye Wenyewe

Tarehe 28 Juni 1887, watu 389 waliondoka kambi ya Yambuya, kando ya Mto Aruwimi, wakaingia msituni kuelekea mashariki. Kiongozi wao, Henry Morton Stanley, alikuwa akienda kumtafuta Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta aliyekatiwa njia ya kaskazini na vita vya Mahdi huko Sudan. Wengi wa waliobeba marobota, masanduku ya risasi na vipande vya mashua ya chuma walikuwa watu wa Unguja na Mrima. Waliandikishwa Zanzibar Februari mwaka uleule, wakapakiwa melini, wakazungushwa kupitia Rasi ya Tumaini Jema hadi mlango wa Mto Kongo.

Miongoni mwao walikuwamo wapagazi wazoefu, waliokwisha kuvuka Ugogo wakati wa kiangazi na kuijua njia ya Unyanyembe. Msitu huu ukawashinda. Kwa zaidi ya siku 150 hawakuona uwanda. Walikula uyoga, viwavi na mbegu za miti ambayo hawakuijua hata kwa jina. Mishale yenye sumu iliwapata kutoka vichakani bila wao kumwona aliyeivuta, na vidonda vya miguu vikaoza kwa unyevu. Mapema Desemba, walipotokea kwenye nyasi za magharibi ya Ziwa Albert, waliobaki katika safu hawakufika nusu ya walioanza. Wengine walikuwa wamekufa, wengine wametoroka, na wengine waliachwa hoi katika vituo vya njiani.

Huko nyuma, katika kambi ya Yambuya, kikosi cha akiba kilikuwa kikifa kwa namna nyingine. Watu walichimba muhogo mchungu, wakaula bila kuuloweka wala kuuanika ipasavyo, na sumu yake ikawadhoofisha siku hadi siku. Na vijiji vya mtoni vilivyowazunguka vilikuwa vikila muhogo uleule kila jioni, wala haukuwadhuru.

Hapo ndipo historia ya Ituri inapoanza kueleweka. Msitu ulioitwa kuzimu na wageni ulikuwa na watu walioshiba ndani yake, wakaoana, wakaimba na kuzika wazee wao kwa utaratibu. Tangu karne ya 19 hadi leo, kila mgeni aliyeingia alifika mahali pamoja: akakuta kwamba hawezi kuishi humo bila mwenyeji. Tofauti yao ilikuwa katika namna walivyomtendea mwenyeji huyo.

Nchi chini ya miti

Ituri ni pembe ya kaskazini-mashariki ya msitu mkuu wa Kongo, msitu wa mvua unaozidiwa ukubwa duniani na ule wa Amazon peke yake. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 63,000. Mto unaoupa jina huanzia kwenye nyanda za juu karibu na Ziwa Albert, hushuka kuelekea magharibi ukipokea Epulu na Nepoko, kisha hubadili jina na kuitwa Aruwimi mpaka unapoungana na Mto Kongo pale Basoko.

Anayepita haraka huona kijani kimoja kisicho na mwisho. Mwenyeji huona mitaa. Kuna sehemu zilizotawaliwa na mbau, mti mrefu unaosimama kwa maelfu na kufunika anga hata chini kukawa na giza na nafasi ya kutembea. Mbegu zake ni kubwa, nazo zinapoanguka kwa wingi huliwa na tembo, nguruwe-mwitu na binadamu. Kuna misitu mchanganyiko yenye miti ya matunda na mizinga ya nyuki wa mwituni. Kuna vinamasi, na kuna mahame, yaani vijiji vya zamani vilivyoachwa vikaota upya, ambako mwanga hufika chini na wanyama hupenda kulisha. Kujua msimu wa kila mtaa ndiko kujua kuishi.

Watu wa kale kabisa wa nchi hii tunaoweza kuwafuatilia ni wawindaji na waokotaji. Wanaakiolojia waliochimba katika mapango ya Ituri walikuta zana za mawe zinazoonyesha kwamba binadamu aliishi huko zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, kabla ya shamba lolote kulimwa. Warithi wa maisha hayo leo ni Wambuti, pamoja na makundi yao ya Waefe, Wasua na Waasua. Wengi wao ni wafupi, chini ya sentimita 150, na kwa sababu hiyo dunia iliwaandika kwa kimo chao kabla ya kuuliza walichokijua.

Wakulima walikuja baadaye kutoka pande mbili. Wabila, Wabudu na Wandaka ni wa lugha za Kibantu. Walese na Wamamvu ni wa jamii ya lugha za Sudani ya Kati. Walikata miti kwa shoka za chuma, wakapanda ndizi, na baada ya mazao ya Amerika kufika bara, wakapanda muhogo, mahindi na karanga. Wangeweza kugombana na wawindaji juu ya kila kijito. Yaliyozaliwa badala yake ni mapatano.

Mapatano hayo yalikuwa ya nyumba kwa nyumba. Miongoni mwa Walese, mtu alikuwa na Mwefe wake, na uhusiano huo ulirithiwa na watoto wa pande zote mbili. Mwefe alileta nyama, asali, majani ya kuezekea na nguvu za kufyeka shamba. Mlese alitoa ndizi, muhogo, karanga, vyungu na chuma cha kutengenezea mishale na visu. Mkulima alijiita mkubwa, hata akasema Mwefe ni mtu wake. Mwindaji alisikiliza, akala, kisha siku moja kambi ikahamia msituni bila kuaga, na mkulima akabaki na shamba lisilofyekwa. Kila upande ulikuwa na mahali pa kumbana mwenzake.

Wambuti huzungumza lugha za majirani zao, na mahali pengi wavulana wao walitahiriwa pamoja na wale wa kijijini katika jando liitwalo nkumbi, hata waliotahiriwa pamoja wakawa na undugu wa maisha. Wataalamu wamebishana kwa muda mrefu kama mtu angeweza kuishi msituni mwaka mzima bila chakula cha shamba. Watafiti John na Terese Hart walionyesha mwaka 1986 kwamba ipo miezi ambayo matunda na mbegu zenye mafuta hukosekana, na nyama inayopatikana huwa imekonda. Wanaakiolojia wakawajibu kwa mawe yao ya miaka maelfu. Ubishi haukuisha, ila jambo moja halina utata: kwa karne nyingi wenyeji wa Ituri walichagua kuishi wakitegemeana.

Wavu, asali na wimbo

Kambi ya Wambuti ilijengwa kwa saa chache. Wanawake ndio waliokuwa mafundi: walichomeka fito ardhini kwa duara, wakazikunja na kuzifunga juu, kisha wakapachika majani mapana ya mangongo kama vigae. Nyumba ikivuja, mwenye nyumba aliongeza majani. Akigombana na jirani, aligeuza mlango upande wa pili, na kambi nzima ikaelewa bila neno kusemwa.

Uwindaji ulitofautiana. Waefe waliegemea upinde na mshale. Wambuti wanaoishi karibu na Wabila waliwinda kwa nyavu zilizosokotwa kwa nyuzi za mitambaazi. Kila mwenye nyumba aliunganisha wavu wake na wa jirani hadi ukapatikana ukuta wa nusu duara. Wanawake na watoto wakatoka upande wa pili wakipiga kelele na kupiga vichaka, na mboloko, yule paa mdogo wa msituni, akakimbilia mtegoni. Katika kazi hiyo hakuna aliyeweza kula peke yake, kwa kuwa hakuna aliyeweza kukamata peke yake. Nyama iligawanywa papo hapo, na ugomvi wa mgao ulikuwa sehemu ya kawaida ya jioni.

Msimu wa asali ulibadilisha kila kitu. Vijana walipanda miti mirefu wakiwa na moshi na shoka, na kambi kubwa ziligawanyika kuwa ndogo ili kila kundi lifuate nyuki wake. Wanaume waligonga magome ya mitini mpaka yakawa kitambaa laini. Wanawake wakakichora kwa vidole na vijiti, mistari na nukta ambazo leo zimetundikwa kwenye kuta za majumba ya makumbusho Ulaya na Marekani. Watafiti waliokaa na Waefe katika miaka ya 1980 waliandika jambo lililowashangaza madaktari wa watoto: mtoto mchanga alipokezanwa mikono ya wanawake wengi tangu siku ya kwanza, na wengine zaidi ya mama yake walimnyonyesha.

Kilele cha maisha hayo kilikuwa molimo. Msiba mkubwa ulipotokea, au uwindaji ulipokataa siku nyingi, Wambuti walisema msitu umelala, hivyo watoto wake wanapatwa na mabaya bila mzazi kujua. Dawa ilikuwa kuuamsha kwa nyimbo. Usiku hadi usiku wanaume waliimba kuzunguka moto, sauti moja ikiingia ndani ya nyingine, na baragumu refu likajibu kutoka gizani. Colin Turnbull, Mwingereza aliyeishi nao karibu na Epulu katika miaka ya 1950, alitarajia kuona chombo kitakatifu cha kuchongwa. Alioneshwa bomba la chuma. Wenyewe hawakuona tatizo: lililotakiwa ni sauti, na chuma hakiozi. Kitabu chake cha mwaka 1961 kiliwafanya Wambuti wajulikane dunia nzima. Waliomfuata walimlaumu kwa kuwapamba mno na kuwachora wakulima kama watu wa hofu na uchawi tu. Lawama hiyo ina haki yake, kwani mapatano yana pande mbili.

Waungwana na pembe

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, biashara ya pembe za ndovu iliyoendeshwa kutoka Unguja ilivuka Ziwa Tanganyika. Nyangwe na Kasongo, katika nchi ya Maniema, zikawa miji ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili. Aliyewazidi wote alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja, ambaye baadaye alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Ukali wa biashara hiyo ulishuhudiwa na David Livingstone tarehe 15 Julai 1871, watu wenye bunduki walipofyatulia risasi umati uliokuwa sokoni Nyangwe, na mamia wakafa, wengi wao wanawake.

Kutoka Maniema, makundi ya wawindaji wa pembe yalisonga kaskazini hadi Ituri. Wakuu wao wawili tunawajua vizuri kwa sababu Stanley aliwakuta humo. Ugarrowwa, ambaye zamani aliitwa Uledi Balyuz, alikuwa amewahi kuwatumikia wapelelezi Speke na Grant kama kijana wa hema. Kilonga-Longa alikuwa na kituo chake Ipoto. Watu wao, waliojiita Waungwana, wengi walikuwa Wamanyema waliotekwa utotoni wakalelewa kwa bunduki na Uislamu. Mbinu yao ilikuwa fupi: kijiji kilivamiwa alfajiri, wanawake na watoto wakashikwa, na waume wakaambiwa walete pembe ili wawakomboe. Stanley alipita katika nchi nzima ya vijiji vilivyochomwa, na ndiyo sababu moja ya njaa yake. Wagonjwa aliowaacha Ipoto walilazimika kuuza nguo na bunduki zao ili wapate mahindi.

Hii ni sehemu ya historia ambayo wasomaji wa pwani hatupendi kuisoma kwa sauti. Jina la Zanzibar lilifika Ituri kabla ya jina la Ulaya, na lilifika na moto.

Wakulima waliponea wapi? Wengi walikimbilia kwa Wambuti. Yule aliyeitwa mtu wa chini kijijini akawa mwenyeji porini, akiwaonyesha mahali pa kulala na mizizi ya kula. Wambuti wengine walifanya kinyume: waliwaongoza wawindaji wa pembe hadi kwa tembo na kulipwa, kwa maana hata mvamizi alihitaji jicho la msitu.

Utawala wa Waungwana ulidumu muda mfupi. Februari 1887 Tippu Tip alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, akasafiri katika meli moja na Stanley. Miaka mitano baadaye mapatano hayo yalivunjika na vita vikazuka. Nyangwe ilianguka Machi 1893 na Kasongo mwezi uliofuata. Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliuawa mwaka huohuo. Kufikia 1894 nguvu za wafanyabiashara wa pwani zilikuwa zimekwisha. Walichokiacha kikabaki: mpunga mashambani, jumuiya za Kiislamu kandokando ya mito, na Kiswahili kiitwacho Kingwana. Lugha iliyoingia na watekaji ikachukuliwa na waliotekwa. Wamisionari na maofisa wa Kibelgiji wakaitumia, na katikati ya karne ya 20 Mbuti, Mbila na Mbudu walipokutana barabarani, Kingwana ndicho walichosemeshana.

Mpira, kodi na barabara

Leopold alikuwa ametambuliwa mwaka 1885 kuwa mwenye Dola Huru la Kongo, nchi asiyowahi kuikanyaga. Tairi la upepo lililobuniwa mwaka 1888 liliipa utomvu wa mitambaazi ya msituni, jamii ya mitoria, thamani isiyotarajiwa. Vijiji vya msitu wa Kongo vilipangiwa kiasi cha mpira, na kisipofika, askari wa Force Publique, jeshi la dola hilo, walishika wanawake mateka, walichapa viboko na kuua. Ilikuwa mbinu ya wawindaji wa pembe, safari hii ikiwa na muhuri wa serikali. Ripoti ya konseli wa Uingereza Roger Casement ya mwaka 1904 na kampeni ya mwandishi E. D. Morel vilizua kelele Ulaya, na mwaka 1908 Ubelgiji ikamnyang'anya mfalme koloni lake.

Kupigwa kulipungua, kazi ya lazima ikaendelea. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa Kilo mwaka 1903, ukingoni mwa msitu, na migodi ilihitaji vibarua na chakula. Kuanzia miaka ya 1920 na 1930, serikali ilikata barabara katikati ya Ituri na kuwahamisha wakulima kutoka vijiji vyao vya ndani wakae kando yake, ambapo ni rahisi kuwahesabu, kuwatoza kodi na kuwasimamia walime pamba na mpunga. Walese na Wabila, waliokuwa na makazi yaliyotawanyika, wakawa watu wa barabara.

Mapatano ya kale yakapata mzigo mpya. Mkulima aliyedaiwa mazao na serikali alimgeukia mwindaji wake amsaidie kulima. Wambuti, watu wa kuhamahama, walikuwa wagumu kuwaandika daftarini, na kwa miaka mingi walibaki nje ya mkono wa bwana shamba. Mwishoni mwa ukoloni, na tena chini ya Rais Mobutu baada ya uhuru, wakubwa walijaribu kuwaweka katika vijiji vya mfano wakalime. Wengi waliugua juani, wakarudi kwenye kivuli.

Mnyama wa mshipi na ndege wa kofia

Wakati huohuo, sayansi ya Ulaya ilikuwa ikiigundua Ituri kwa kuuliza wenyeji. Stanley alikuwa ameandika kwamba Wambuti hawakushangazwa na punda wake, kwani walimjua mnyama wa kufanana naye msituni. Miaka michache baadaye Sir Harry Johnston, mtawala wa Kiingereza wa Uganda, aliwaokoa Wambuti waliokuwa wamechukuliwa na Mjerumani mmoja ili wakaoneshwe katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900. Alipokuwa akiwarudisha kwao aliwauliza juu ya mnyama huyo, nao wakamweleza: mweusi mwilini, mistari myeupe miguuni. Katika kituo cha Wabelgiji huko Beni, Johnston akakuta askari wamejifunga mishipi ya ngozi hiyo.

Wanazuoni wa London walidhani ni pundamilia wa msituni. Mwaka 1901 Karl Eriksson, ofisa Mswidi aliyekuwa akitumikia Dola Huru, akampatia Johnston ngozi nzima na mafuvu mawili, na ikadhihirika kwamba huyu ni ndugu wa twiga. Akaitwa Okapia johnstoni. Jina la kwanza limetoka kwa wenyeji, la pili kwa mgeni aliyewauliza.

Kisa cha pili kilichukua muda zaidi. Mwaka 1913, James Chapin, kijana wa Jumba la Makumbusho la Historia ya Asili la New York, aliona unyoya wa ajabu kwenye kofia ya mwenyeji pale Avakubi. Hakuweza kuutambua, akauhifadhi. Mwaka 1936, katika jumba la Tervuren nchini Ubelgiji, aliwakuta ndege wawili waliokaushwa, wamewekwa juu ya kabati na kuandikwa kwamba ni tausi wachanga wa kutoka India. Unyoya ulifanana. Hivyo Afrika ikawa na tausi wake, Afropavo congensis, ambaye watu wa Avakubi walikuwa wakivaa manyoya yake muda wote huo.

Epulu, mahali barabara inapovuka mto wa jina hilo, pakawa makao ya udadisi huo. Mmarekani Patrick Putnam alianzisha hapo, katika miaka ya 1930, zahanati na nyumba ya wageni, akaishi na majirani zake hadi alipofariki mwaka 1953. Wabelgiji wakaweka kituo cha kukamata okapi na kuwapeleka kwenye bustani za wanyama za Ulaya na Marekani. Waliowajua okapi na kuwachumia majani ya kula walikuwa wenyeji.

Uhuru, Simba na hifadhi

Kongo ilipata uhuru mwaka 1960. Mwaka 1964 waasi waliojiita Simba, wakiamini dawa itageuza risasi kuwa maji, waliteka Stanleyville, yaani Kisangani, mwezi Agosti na kuenea kaskazini-mashariki. Askari wa miamvuli wa Kibelgiji walishuka mjini humo tarehe 24 Novemba. Siku chache baadaye, Isiro, sista Anuarite Nengapeta, binti wa Kibudu kutoka Wamba, aliuawa na mmoja wa viongozi wa waasi kwa kumkatalia matakwa yake. Mwaka 1985 Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri. Wakulima wa barabarani, walionyanyaswa na waasi na kisha na jeshi la serikali, walifanya kama babu zao: waliingia msituni. Barabara ikamezwa na majani.

Mwaka 1992 serikali ilitangaza Hifadhi ya Okapi, karibu kilomita za mraba 13,700, yaani kama sehemu moja ya tano ya msitu wa Ituri. UNESCO iliiweka katika Urithi wa Dunia mwaka 1996, na wakati huo ilikadiriwa kuwa na okapi 5,000 kati ya 30,000 waliobaki mwituni. Tofauti na mbuga nyingi za Afrika, hii haikuanza kwa kufukuza watu. Wambuti na wakulima waliruhusiwa kubaki, na uwindaji wa kitoweo ukawa na maeneo yake. Kwenye karatasi, ilikuwa mara ya kwanza serikali kukubali kwamba msitu una wenyewe.

Mwaka mmoja baada ya heshima hiyo, 1997, hifadhi iliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa maana vita vya Kongo vilikuwa vimefika. Mwishoni mwa 2002, wanajeshi wa kundi la waasi la MLC na washirika wao walishambulia mji wa Mambasa na vijiji vya jirani. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliandika mauaji na ubakaji, na Wambuti walikuwa miongoni mwa walioteswa zaidi, msituni mwao wenyewe. Kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu, kujificha ndani zaidi hakukutosha. Tarehe 24 Juni 2012, kundi la wawindaji haramu na wachimba dhahabu wenye silaha lilivamia kituo cha Epulu, likaua watu kadhaa wakiwemo askari wa wanyamapori, likachoma majengo na kuua okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale.

Shinikizo halikuishia kwa bunduki. Wakulima kutoka nyanda za Beni na Butembo, zilizojaa watu, wamekuwa wakishuka kutafuta ardhi kando ya barabara, jambo linaloeleweka kwa mtu mwenye watoto na shamba dogo. Wachimbaji wa dhahabu wamefuata vijito, kwanza kwa beleshi na karai, kisha kwa mashine zinazogeuza mto mzima kuwa tope. Makundi yenye silaha yamefanya vijiji vingi vya Mambasa kuwa mahame. Kila mmoja wao humwajiri Mbuti wa kumwonyesha njia. Wachache humwuliza kama njia ipitwe.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ituri imepokea wageni wa pembe, wa mpira, wa dhahabu, wa okapi na wa vita, na kupona kwa mwenyeji kumekuwa haba. Tarehe 15 Julai 2022 Kongo ilipata Sheria Na. 22/030 ya kulinda na kuendeleza haki za watu wa asili wa msitu, inayotambua haki yao juu ya ardhi na maliasili wanazozitegemea. Sheria hiyo imechelewa kwa zaidi ya karne, na utekelezaji wake unategemea serikali ambayo katika sehemu kubwa ya Ituri haipo. Hata hivyo inasema jambo ambalo Mlese na Mwefe walilijua bila karatasi: anayekula cha msitu ana deni kwa anayeujua.

Mapatano ya zamani hayakuwa ya usawa, na hakuna sababu ya kuyalilia kama pepo iliyopotea. Mkulima alidharau, mwindaji alikwepa. Lakini yalikuwa na kitu ambacho mikataba iliyofuata haikuwa nacho: mwindaji aliweza kuondoka. Uwezo huo ndio uliomlazimisha mkulima kurudi na ndizi na maneno mazuri. Leo, msitu ukiwa umekatwa vipande na barabara, migodi na vita, mahali pa kuondokea panapungua kila mwaka, na pamoja napo nguvu ya Mbuti ya kukataa. Kama sheria mpya itafaa kitu, kazi yake ya kwanza ni kumrudishia nguvu hiyo, ili neno lake la hapana liwe na uzito mbele ya mwenye mashine kama lilivyokuwa na uzito mbele ya mwenye shamba.